Maradhi Mageni na Fadhila ya Kuuliza

Waheshimiwa Masheikh, wazee wetu, mabwana na mabibi, na ndugu zangu wote Waislamu wa Kasese na Bwera:



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kunipa nafasi ya kusema nanyi. Nimeombwa nizungumze habari za maradhi ya ghafula, hasa yale yasiyo ya kawaida, yanayomfikia tabibu pasipo kubisha hodi. Neno langu ni moja, nami nitalisema mapema ili mwenye shughuli asiondoke bila ya kulisikia. Ugonjwa mgeni mara nyingi huja umevaa nguo za ugonjwa tuliouzoea. Mashine za hospitali peke yake haziwezi kumvua nguo hizo. Yatakiwa maswali ya tabibu, na yatakiwa ukweli wa mgonjwa na jamaa zake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utabibu imo mikononi mwetu sisi tusio matabibu.

Katika nchi yetu, mtu akishikwa na homa twasema ni malaria. Akiharisha na kutapika twasema amekula chakula kilichochacha, au twahofia kipindupindu. Tabibu naye huanza hapo hapo, kwa kuwa lililo la kawaida ndilo litokealo siku nyingi. Hana lawama kwa hilo. Lawama yaja pale dalili zinapokataa kulingana na jina tulilolitoa, nasi tukang'ang'ania jina lile. Nitataja mambo mawili yaliyotokea papa hapa petu, moja la mwaka 2017 na jingine la mwaka 2019, ili tuone namna maradhi mageni yalivyotambuliwa.

Tarehe 5 Septemba 2017 palikuwa na maziko katika wilaya yetu ya Kasese. Baada ya maziko hayo watu 33 walilazwa katika Hospitali ya Bwera, wakiharisha, wakitapika na kuumwa na tumbo. Tarehe 8 Septemba wakuu wa afya wa wilaya walipeleka habari kwa Wizara ya Afya, na wachunguzi wakaja. Jambo la kwanza litakalomjia kila mtu akilini ni kwamba chakula cha matanga kiliharibika, au maji yalikuwa machafu. Lakini wachunguzi hawakuridhika na dhana. Walikwenda kuwauliza wagonjwa na wasiougua pia: umekula nini, umekila wapi, saa ngapi, unga umenunua kwa nani? Walipokwisha kuhesabu walipata wagonjwa 98, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Majibu yakaelekea kwenye chungu kimoja, nacho ni ugali wa muhogo, ule ambao ndugu zetu Wakonzo huuita obundu, unaosongwa kwa maji ya moto. Unga wenyewe ulifuatiliwa kutoka kwa wachuuzi mpaka kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Ulipopimwa ulikutwa na sumu ya sianidi kupita kiasi. Polisi wakaukamata unga huo madukani, na maofisa wa afya wakawafundisha watu jinsi ya kuutengeneza muhogo mpaka uwe salama.

Tazameni basi. Kama ingesemwa tu kwamba chakula cha matanga kimechacha, watu wangetibiwa, wangekwenda zao, na unga ule ule ungeendelea kuuzwa sokoni na kusongwa katika nyumba nyingine. Swali la kwamba unga umetoka wapi ndilo lililowaokoa watu ambao hata hawakujua kwamba wamo hatarini.

Yafaa tuijue sumu hii, kwa kuwa muhogo ni chakula chetu cha kila siku na hatuna nia ya kuuacha. Ndani ya muhogo, hasa muhogo mchungu, mna kitu kisichodhuru maadamu mzizi ni mzima. Mzizi ukikatwa, ukitwangwa au ukitafunwa, kitu hicho hukutana na kimeng'enya kilichomo humo humo, na sianidi ikazaliwa. Wakati wa ukame muhogo huzidi uchungu, na sumu yake huongezeka. Tena wakati wa ukame ndipo njaa huwa kali, na mwenye njaa hana subira ya kuloweka muhogo siku tatu au nne. Kwa hiyo sumu na haraka hukutana msimu mmoja.

Sianidi ikiingia mwilini haizuii pumzi isiingie kifuani. Hewa yaingia, damu yaichukua, bali nyama na ubongo havina tena uwezo wa kuitumia. Mtu huwa kama mwenye ghala iliyojaa nafaka na jiko limezimika. Ndiyo sababu mgonjwa huumwa na kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huhema mbio, hupotewa na fahamu, na sumu ikizidi huingia kifafa na moyo ukasimama. Tena kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu huweza kusema kwamba hali ni njema, kwa sababu oksijeni imo kwelikweli ndani ya damu, ila haitumiki. Tabibu asiyeuliza habari za chakula huweza kudanganywa na chombo hicho.

Alama za kumtia shaka ni hizi. Maradhi yamekuja upesi, muda mfupi baada ya kula. Waliougua wamekula chungu kimoja au unga mmoja. Watoto wamezidiwa kuliko wakubwa, maana mwili mdogo hulemewa na sumu kidogo. Na juu ya kutapika kuna kizunguzungu na kuhema, mambo ambayo chakula kilichochacha kwa kawaida hakiyaleti mapema hivyo. Matibabu yake ni kumpa mgonjwa oksijeni bila kuchelewa, kuilinda njia ya pumzi, kumtia maji ya mshipa, na kumpa dawa ya kuivunja sumu ikiwa ipo. Dawa hizo ni haidroksokobalamini, ambayo ni ndugu wa vitamini B12, na thiosulfeti ya sodiamu. Hospitali nyingi za vijijini hazina dawa hizi, na hapo oksijeni na uangalizi wa karibu huwa ndio tegemeo. Hayo nayo yanaokoa wengi, mradi mgonjwa afike mapema na sababu ijulikane.

Lakini wala tusidhani kwamba kila anayeugua baada ya kula muhogo amepatwa na sumu ya muhogo. Mwezi wa Machi 2005, katika mji wa Mabini, kisiwa cha Bohol, nchi ya Ufilipino, watoto wa shule walinunua vitafunio vya muhogo uliokaangwa, nao wasiopungua 27 wakafa. Kila mtu alisema ni sianidi ya muhogo, na dhana hiyo ilikuwa na sura ya kweli. Maabara ilipopima ilikuta dawa ya kuua wadudu wa shambani, ya jamii ya kabameti, ambayo ilichanganyika na chakula. Sumu hiyo humfanya mtu atokwe na mate na jasho jingi, na mboni za macho zikawa ndogo kama tundu la sindano. Na dawa yake ni atropini, dawa nyingine kabisa. Chungu ni kile kile, muhogo ni ule ule, bali ugonjwa si ule. Kwa hiyo jamaa wakimleta mgonjwa, na waje pia na mabaki ya chakula, na unga uliosalia, na chupa ya dawa ya shambani ikiwa ilikuwapo karibu na jiko. Vitu hivyo vyaweza kumfaa tabibu kuliko maelezo marefu.

Hapa nataka kugusa jambo linalouma. Watu wakiugua matangani, ulimi wa kwanza kusema husema kwamba kuna mtu ametia sumu, au kuna mtu ameroga. Hutafutwa mjane, hutafutwa jirani aliyekuwa na ugomvi, hutafutwa mwanamke aliyesonga ugali. Dhuluma ya namna hii huvunja ukoo na kumwaga damu, na kumbe sababu imo ndani ya gunia la unga. Uchunguzi wa mwaka 2017 haukuishia kwenye nyumba ya maziko. Uliifuata njia ya unga mpaka kwa muuzaji wa jumla. Sisi tuliokatazwa dhana mbaya na kusengenya tuna wajibu mkubwa zaidi wa kungoja uchunguzi kabla ya kumtaja mtu. Kuuliza vizuri huponya mgonjwa, na humlinda asiye na hatia pia.

Sasa nije kwenye jambo la pili. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 jirani zetu wa Kongo ya mashariki walikuwa katika msiba wa ebola, msiba uliodumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, na kuua watu zaidi ya 2,200. Nanyi mwajua jinsi tulivyochanganyika na jirani hao. Mpaka wa Mpondwe huvukwa kila siku na wauzaji, wanafunzi, wagonjwa na wafiwa. Watu wa pande zote mbili wameoana, na lugha zao ni moja. Kwa ajili hiyo Uganda haikungoja. Kabla ugonjwa haujavuka, wahudumu wa afya wapatao 4,700 katika vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa.

Tarehe 9 Juni 2019 jamaa moja ilivuka kutoka Kongo ikiwa na mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa, ikampeleka Hospitali ya Kagando. Homa na kutapika kwa mtoto ni jambo ambalo hospitali zetu huliona kila siku. Lakini wahudumu wa Kagando waliona kwamba yawezekana ni ebola. Mtoto akapelekwa Bwera katika nyumba maalumu ya kutibia ugonjwa huo, damu yake ikapelekwa kwenye taasisi ya utafiti wa virusi iliyoko Entebbe, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa. Jamaa hiyo ilikuwa imetoka katika msiba wa mzee wao, aliyekufa kwa ugonjwa huo huo upande wa Kongo. Mtoto alifariki, bibi yake mwenye miaka 50 na mdogo wake wa miaka 3 nao walithibitishwa kuwa na ugonjwa, nao wakafariki siku chache baadaye. Twawaombea jamaa zao subira.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, msichana wa miaka 9 kutoka Kongo alivuka Mpondwe pamoja na mama yake. Wapimaji wa mpakani walimkuta ana homa, udhaifu, vipele na damu kinywani. Hakuachwa aingie mjini. Alipelekwa Bwera, ugonjwa ukathibitishwa tarehe 29 Agosti, naye akafariki siku iliyofuata. Wagonjwa hao wanne wote waliupata ugonjwa upande wa Kongo, na mwaka ule hapakupatikana mtu hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya Uganda. Hiyo ni neema ya Mwenyezi Mungu, na sababu yake ya kidunia yajulikana: wapimaji na wauguzi wa Kagando, wa Bwera na wa mpakani walitazama vema, wakauliza vema, na wakatenda upesi.

Maswali yanayofichua ebola si mengi, na kila mmoja wetu aweza kuyajibu. Umetoka wapi katika siku 21 zilizopita? Umemuuguza nani? Umemzika nani, na je, uliugusa mwili wake? Muuguzi akiuliza hivyo, asidhaniwe kuwa anamdharau mtu kwa kabila lake au kwa upande wa mto anaotoka. Ataka kujua mlango ambao ugonjwa umeingilia.

Najua kwa nini watu huficha. Huogopa kutengwa na watoto wao, huogopa kuaibishwa, na huogopa kwamba maiti wao atazikwa pasipo heshima. Hofu hizo si za kuchekwa. Lakini wahenga walisema: mficha maradhi kifo humfichua. Zamani mtu aliweza kudai kwamba kusema kweli hakumsaidii kitu kwa kuwa dawa haipo. Neno hilo kwa ebola ya aina ile iliyokuwa Kongo halina nguvu tena. Mwezi wa Agosti 2019 jaribio lililofanywa huko Kongo lilionyesha kwamba dawa mbili mpya zapunguza vifo. Kati ya wagonjwa waliopewa dawa hizo walikufa yapata 35 kwa mia, hali katika dawa nyingine mbili zilizolinganishwa nazo walikufa nusu au zaidi. Na wale waliokutwa na virusi vichache katika damu walikufa yapata 10 kwa mia tu. Kwa ajili hiyo siku moja ya kuficha si siku ndogo. Ebola zina aina zake, wala dawa na chanjo ya aina moja si lazima ifae kwa nyingine, bali faida ya kufika mapema ni moja kwa zote.

Ama kuhusu maziko, mwili wa aliyekufa kwa ebola huwa na virusi vingi mno, na kumwosha kwa mikono kama desturi yetu kumewaua wengi walioosha kwa mapenzi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 juu ya maziko salama yenye heshima umetaja njia kwa ajili ya Waislamu: badala ya kuoshwa maiti hufanyiwa tayamamu na mtu aliyevaa nguo za kujikinga, na sanda huweza kutumiwa kwa utaratibu unaolinda walio hai. Sala ya jeneza husaliwa, na dua huombwa. Basi asiwepo mtu wa kuiba maiti usiku kwa kudhani kwamba anaitetea dini.

Nanyi mwaijua habari ya Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alipokuwa njiani kwenda Sham na kufikishiwa habari, mahali paitwapo Sargh, kwamba tauni imeshuka katika nchi ile. Hakukata shauri peke yake. Aliwauliza Muhajirina, wakahitilafiana. Akawauliza Ansari, wakahitilafiana. Akawauliza wazee wa Makureshi, wakampa shauri la kurejea. Ndipo alipokuja Abdurrahman bin Auf na habari ya mafundisho ya Mtume juu ya kutoiendea nchi yenye tauni wala kuikimbia, na Umar akamshukuru Mungu na kurudi na watu wake. Katika kisa hicho twaona kwamba kuuliza mara nyingi, na kumsikiliza mwenye elimu ya jambo, hakupunguzi tawakkul ya muumini.

Sasa nimalize kwa mambo machache ya kutendwa.

Kina mama na wote wanaopika: muhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kisha uanikwe na kukauka vema ndipo usagwe. Kuanika makopa juani bila ya kuloweka hakutoshi. Unga mlionao mkiutilia shaka, mwaweza kuupunguzia sumu kwa kuutia maji, kuutandaza mwembamba na kuuacha kivulini saa tano, kisha mkausonga siku hiyo hiyo. Njia hii imefundishwa katika vijiji vya Msumbiji, Tanzania na Kongo vilivyopatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uletwao na muhogo usiotengenezwa vema. Unga wenye sumu nyingi, kama ule uliokamatwa mwaka 2017, usiliwe kwa njia yoyote.

Wafanyabiashara: muulizeni anayewaletea unga umetoka wapi na umetengenezwaje, tena msichanganye magunia. Mizani ya haki si uzito peke yake; anayeuza chakula anauza pia amana. Likitokea la kutokea, mwenye kujua chanzo cha unga wake aweza kuzuia vifo kwa saa moja.

Jamaa za wagonjwa: mkifika hospitali, semeni yote. Semeni alichokula, dawa za miti shamba alizokunywa, mahali alikokwenda, na msiba aliohudhuria. Msiogope kurudia neno hilo kwa kila tabibu mpya anayeingia zamu, hata kama mwenzake alikwisha ambiwa.

Maimamu na wazee: likizuka jambo, liambieni kundi lenu mapema, na mtulize fitina kabla haijapata miguu. Neno lenu msikitini hufika mahali ambapo gari la afya halifiki.

Nanyi wauguzi na matabibu mliomo humu, kuulizwa kwenu na jamaa za wagonjwa kusiwakere. Kama nyinyi mnavyohitaji majibu yao, wao nao wahitaji yenu.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia katika misiba hii ya 2017 na 2019, awalipe kheri waliowauguza, aiepushe Kasese na Bwera na jirani zetu wa ng'ambo ya mto na maradhi ya kuambukiza, na atujaalie ndimi za kweli wakati wa afya na wakati wa ugonjwa. Amina.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.